Ukimkuta kasa anaelea, usimsukume baharini (Kigombe, Tanga)

#1 Mganga wa Ng'ombe

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni mtu wa mifugo. Miaka ishirini na ushei nazunguka na pikipiki, Tanga mjini, Pongwe mpaka Muheza, nachoma sindano ng'ombe wa maziwa na kuzalisha mbuzi walioshindwa kuzaa wenyewe. Wanyama wa baharini sikuwasomea. Lakini kwetu ni Kigombe na kaka yangu ni nahodha huko, kwa hiyo jambo likitokea pwani simu hunifikia mapema. Leo ni siku ya 9 nina kasa nyuma ya nyumba, ndani ya tangi la plastiki tulilolikata juu. Afisa uvuvi anajua na ameniandikia kibali, maana kasa analindwa na sheria ya uvuvi na huwezi kujiwekea tu nyumbani. Naandika kwa sababu wengi tuliokulia pwani tuna kosa tunalolifanya kwa huruma, na huruma hiyo inawaua.

Nilikuwa na miaka 11. Tuliamka na baba kwenda kuangalia madema, ile mitego ya samaki, maji yamekupwa, tukamkuta kasa anaelea kwenye maji ya magotini. Hajafungwa na kitu, hana jeraha. Nyuma ameinuka, kichwa kinaelekea chini, anapiga mapezi kutaka kuzama na hazami. Tukadhani amepotea. Baba akamshika huku, mimi huku, tukamsukuma mpaka maji ya kifuani tukamwachia. Akarudi. Tukamsukuma tena. Mara ya tatu baba akampakia kwenye mtumbwi akaenda kumwachia nje ya mwamba, akarudi anacheka, nami nikashinda na furaha siku nzima. Kesho yake asubuhi kasa yuleyule alikuwa mchangani amekufa, kunguru wameshaanza na macho.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Kasa mzima hupanda kuvuta pumzi, dakika haifiki, akazama zake. Ukimwona anaelea mchana kutwa hata mgongo umekaukia jua, huyo ni mgonjwa, sawa na ng'ombe aliyelala ubavu tumbo limevimba. Mara nyingi ni gesi: utumbo umeziba, kilichomo kinachacha, gesi haina pa kutokea. Mara nyingine pafu limepasuka na hewa imejaa ndani ya gamba. Asipoweza kuzama hali, hawezi kumkwepa papa wala boti, na jua linamchoma. Ukimsukuma baharini umemtenga na mtu pekee ambaye angemsaidia, yaani wewe uliyemwona.

Na kinachoziba ni kilekile ninachokitoa kwenye matumbo ya mbuzi wa mjini. Wafugaji wa Ngamiani na Chuda wananielewa: mbuzi anakonda huku tumbo kubwa, akifa ukimpasua unakuta mpira wa mifuko uliosokotana, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Kasa ana shida kumzidi mbuzi. Koo lake lote limejaa miiba iliyoelekea ndani. Mungu aliiweka ili akimeza, maji ya chumvi yatoke na chakula kibaki. Nailoni ikishapita hapo hawezi kuitema hata akitaka.

Sasa huyu wa kwangu. Kaka alikuwa anarudi upande wa Karange, kusi limeanza kukaza, akaona kama kiroba kinaelea. Aliposogea akaona kichwa. Kipande cha wavu wa makila, ule wa uzi mmoja mweupe usioonekana majini, kilikuwa kimeshikana na nyuzi za kiroba na kamba ya manila ya bluu, na kasa amefungwa katikati. Namsifu kaka kwa jambo alilolifanya bila kufundishwa: alikata wavu uliokuwa ukining'inia, lakini ule uliozunguka pezi hakuugusa. Akamfunika turubai lililolowa, akageuza ngalawa.

Nilipofika diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, nilipiga magoti mchangani nikamwangalia kwa muda kabla sijamshika. Pezi la mbele la kulia lilikuwa limezungushwa uzi mara nne karibu na bega. Nyama ilikuwa imevimba juu ya uzi mpaka uzi hauonekani, unaona mfereji tu, na harufu ya nyama iliyooza. Nilichukua ule mkasi wa kukatia nyuzi za mshono wenye ncha butu, nikaupenyeza chini taratibu. Kila uzi ulipokatika pezi zima lilitikisika. Wa nne ulikuwa umefika mfupani. Huyu mnyama hapigi kelele. Anachofanya ni kufumba macho na kutoa pumzi ndefu, na majimaji mazito yanamtoka machoni. Wanasema ni chumvi tu anaitoa, najua. Bado nilimfuta.

Kwenye mizani ya samaki alisoma kilo 15. Gamba, sentimita 53. Upande wa tumbo, ambao kasa mwenye afya huwa bapa au umejaa kidogo, huyu ulikuwa umebonyea ndani kama sinia. Macho yameingia. Yaani hakufungwa jana wala juzi. Jike au dume sijui na huwezi kujua kwa kumtazama akiwa na umri huu. Mkia wa dume hurefuka akikomaa, na kukomaa kwenyewe huchukua miaka 20 na zaidi, wengine hata 40.

Nilipiga simu ofisi moja, sitaitaja. Nikajibiwa: "Mrudisheni baharini, ndiko kwao." Nilikaa kimya kidogo. Nilimkumbuka baba.

Siku mbili za kwanza hakukaa majini kabisa. Mnyama dhaifu huyu anazama na kufa maji kama mtu. Alilala juu ya sponji lililolowa, taulo mbichi mgongoni, pua wazi. Maji nimempa kwa sindano, kipimo nimeelekezwa kwa simu na daktari wa kasa wa nchi jirani (dozi siandiki, mtu asije akajaribu). Kidonda nakiosha, napaka ayodini, kisha asali ya nyuki mbichi, isiyochemshwa, anakaa nje ya maji kwa muda ishike. Asali si uganga wa mtaani. Hospitali za kasa duniani zinaitumia. Maji ya bahari tunabeba kwa madumu kwenye bajaji.

Sasa hivi yumo kwenye maji ya kina cha kiganja. Nyuma bado inaelea. Hajanya tangu amekuja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

#2 Kijana wa Sahare

Kaka shikamoo. Nimesoma yote. Mimi niko diko la Sahare na jarife, wavu mkubwa wa kutega, linaleta kasa mara kwa mara, wengi wanatolewa wameshakufa. Wanatupwa au, nisiseme uongo, wengine wanaliwa. Je, kuna la kufanya pale pale chomboni?

#3 Mganga wa Ng'ombe

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali kubwa kuliko mjadala wote huu.

Anayetoka kwenye jarife amelegea, hatikisiki, si lazima awe amekufa. Maji yamemwingia mapafuni na mwili umezima. Mlaze kifudifudi, tumbo chini. Nyuma muinue sentimita 15 au zaidi, weka ubao, weka boya, chochote, ili maji yatoke mdomoni. Kivulini, na kitambaa kibichi mgongoni. Mwache hivyo kwa muda wa saa 4 hadi 24. Kila baada ya muda mguse kope au mkia uone kama anajibu. Wapo walioamka baada ya watu kukata tamaa. Usimlaze chali: matumbo yanayakandamiza mapafu, unammaliza. Usimnyanyue kwa mapezi pia, yanateguka. Shika gamba mbele na nyuma.

Akiamka na ana nguvu, mrudishe taratibu, tanga limeshushwa au injini imezimwa, mbali na wavu. Akiwa anaelea au ana jeraha, mlete nchi kavu na mpigie afisa uvuvi.

Na ukikuta mshipi, yaani uzi wa ndoana, unamtoka mdomoni au nyuma, usiuvute. Naomba hili ulikariri. Utumbo hujikunja juu ya mshipi kama kiuno cha bukta kinavyojikunja ukivuta kamba yake. Ukizidi kuvuta, mshipi unakata utumbo kama uzi unavyokata sabuni ya mche. Kata, bakiza nje urefu wa kiganja ili atakayemtibu auone.

#4 Mwananchi wa Usagara

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi yako lakini niseme linalonikaa moyoni. Juzi nimempeleka mwanangu kituo cha afya, nimeandikiwa dawa nikanunue nje. Halafu nasoma kasa anapewa maji ya sindano na asali. Wanadamu kwanza.

#5 Nahodha wa Kusi

Mimi nina miaka 31 baharini. Nataka watu wa bara wanaosoma hapa waelewe kitu. Wavu ni mtaji. Hakuna mvuvi anayeamka akatupa wavu wake baharini. Unanasa mwambani, kusi limekaza, usipokata unazama wewe na watoto wa watu. Au meli inapita usiku, inakokota maboya na wavu wote, asubuhi unakuta maji matupu. Huo wavu haulali. Unaendelea kuvua huko chini bila mwenyewe, samaki anakufa, anamvuta mwingine, mpaka kasa.

Lakini lipo tunalolifanya kwa mikono yetu, nalo sitalificha. Mapande. Tukishona nyavu, kipande kilichochanika sana tunakikata na kukiacha palepale mchangani. Bamvua, yale maji makubwa, likija linazoa lote. Hapo hatuna kisingizio cha kusi wala cha meli.

#6 Mganga wa Ng'ombe

Mwananchi wa Usagara, sikuoni mkorofi, na Mungu amponye mwanao. Dawa nilizotumia ni za mifugo na nimenunua mwenyewe, hakuna mgonjwa aliyenyimwa. Lakini nikujibu kwa tumbo, maana wote tunakula. Tasi unayemnunua sokoni anakulia kwenye majani bahari. Kasa wa aina hii, kasa wa kijani, akishakua ni mla majani bahari. Anayakata yanachipua upya, mabichi, kama shamba la malisho linalolishwa vizuri. Mimi ni mtu wa malisho, hili nalijua. Na ng'amba, ndugu yake mwenye mdomo kama wa kasuku, anakula sponji zinazoshindana na matumbawe kugombea nafasi. Ukiwaondoa hao wawili umegusa sufuria ya watu wa Kigombe wote.

Nahodha, shikamoo. Hilo la mapande nimelipeleka kwa kaka usiku uleule. Wameweka pipa pale kwenye mkungu wanaposhonea. Kipande kikikatwa, pipani. Wiki hii limejaa nusu. Nusu pipa kwa wiki moja, diko moja.

#7 Mpemba wa Mkoani

Nimeona Kijana wa Sahare kataja kuliwa. Ndugu zangu wa Tanga, msile kasa. Sisi tumezika. Machi 2024 kisiwani Panza, hapa Pemba, walikula nyama ya kasa: watoto 8 wakafa na mtu mzima mmoja, na 78 wakalazwa. Na Novemba 2021 walishakufa watu 7 hapahapa Pemba kwa nyama hiyohiyo. Sumu ile haiondoki kwa kupika. Humtazami kasa ukajua huyu ana sumu na huyu hana. Na mama anayenyonyesha akila, inampitia mtoto kwenye maziwa. Nilikuwepo kwenye matanga ya Panza. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

#8 Kijana wa Sahare

Poleni sana ndugu yangu. Nimelichapisha bandiko lako, nimelibandika kwenye banda la mnada.

#9 Mganga wa Ng'ombe

Siku ya 19. Naandika mkono unatetemeka.

Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri kubadilisha maji. Nikamulika tochi nikaona kitu kama utepe kinaning'inia nyuma yake. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunampa mafuta kidogo pamoja na ngisi aliyesagwa, kama nilivyoelekezwa, ili utumbo uteleze. Nikavuta kigoda nikakaa. Sikuugusa ule utepe, ingawa vidole vilikuwa vinawasha. Mke wangu akaniletea chai pale pale. Jua lilipofika juu ya ukuta, mnyama akasukuma mwenyewe mara tatu, na vyote vikatoka.

Nimevichuja kwenye chujio la nazi, nikaviosha, nikavianika juu ya gazeti. Utepe wa kiroba, sentimita 34. Vipande 11 vya mfuko laini, vimechakaa mpaka vimekuwa kama ganda la kitunguu. Kimoja bado kina herufi mbili za wino mwekundu. Fundo la kamba ya bluu, kubwa kama haragwe. Na kinyesi cheusi, kikavu, chenye harufu ambayo mfugaji yeyote anaijua: chakula kilichokaa ndani kupita kiasi.

Mifuko ya plastiki tulishaipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Hicho kipande chenye herufi kinaweza kuwa cha kabla ya hapo, kinaweza kuwa kimetoka ng'ambo, bahari haina mpaka. Lakini vile vifungashio laini vya karanga na vya barafu bado vinapeperuka mtaani kwangu, hivyo siwezi kujidanganya kwamba vyote vimetoka kwa wengine.

Jioni hii nyuma imeshuka. Imeshuka kweli, si macho yangu. Mke wangu naye kaona.

#10 Bibi wa Ushongo

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Nimesomewa na mjukuu. Mimi Maziwe niliiona ikiwa kisiwa chenye miti. Mivinje mirefu, wavuvi wanalala chini yake, na kasa wanapanda kutaga usiku unawasikia wanavyochimba. Serikali iliitenga mwaka 1975 kwa ajili ya viumbe wa bahari. Haikupita miaka kumi bahari ikaila miti yote, sasa ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa halionekani. Lakini kasa hawajasahau. Wanapanda palepale, na mayai yakiachwa yanafunikwa na maji. Ndiyo maana vijana wa hapa wanayahamishia huku Ushongo, wanayafukia kwenye mchanga mkavu, siku hamsini, sitini, watoto wanatoka wanakimbilia bahari. Nimewaona mara nyingi na sijachoka kuwaona.

Sasa nikiwaza katoto kale, kamelindwa tangu yai, kamepita kaa na kunguru, halafu kanaenda kufa kwa karatasi ya karanga. Inauma.

#11 Mwalimu wa Pangani

Mganga, naomba unisaidie niwaambie wanafunzi. Kwa nini anakula mfuko, haoni? Na ni plastiki kiasi gani inatosha kumuua?

#12 Mganga wa Ng'ombe

Mwalimu, mimi pia niliuliza hivyo na nikasoma usiku kucha kwenye simu.

Anaona, na ndiyo shida yenyewe. Mfuko ukielea majini unacheza kama yavuyavu, na yavuyavu ni chakula kwa kasa wengi, hasa wanapokuwa wadogo. Halafu kuna pua. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba plastiki iliyokaa baharini mpaka ikaota ute na viumbe vidogo hutoa harufu inayomvuta kasa sawasawa na chakula. Plastiki mpya haimvuti hivyo. Maana yake bahari yenyewe inaupika mfuko wetu unakuwa chambo.

Kiasi: utafiti wa Australia uliotoka 2018 ulikadiria kwamba kipande kimoja tu kinaweza kumpa kasa uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo, na akifikisha vipande 14 ni nusu kwa nusu. Wa kwangu alitoa 13, na sijui vilivyobaki.

Waonyeshe wanafunzi na hili. Jinsia ya mtoto wa kasa inaamuliwa na joto la mchanga. Karibu nyuzi 29 hutoka mchanganyiko, ukizidi hapo wanazidi majike, ukishuka wanazidi madume. Watalipenda swali hilo kuliko la plastiki, na ukishawapata hapo watakusikiliza.

Tena niseme na jambo ambalo nimekuwa nikilibeba. Tanga yetu ina hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, pwani ya karibu kilomita 100, kutoka kaskazini ya jiji mpaka mto Pangani. Kuna watu wanaolinda mayai, shirika la Sea Sense liko pwani ya Tanzania tangu 2001. Mayai yanalindwa. Lakini kasa mgonjwa hana pa kulazwa. Kenya wana kituo pale Watamu, wanapokea kasa wagonjwa, wanawatibu na kuwaachia. Maldivi walifungua kituo cha uokoaji mwaka 2017 kwa sababu ya nyavu hizihizi zinazopotea. Mimi kumpeleka kasa Watamu ni kuvuka mpaka pale Horohoro, kufika Mombasa, halafu zaidi ya kilomita 100 nyingine, na vibali vya nchi mbili. Atafia Lunga Lunga.

Wala siombi jengo kubwa. Kule Florida, Marekani, ile hospitali ya kasa ya Marathon ilianza mwaka 1986 kwenye nyumba ya wageni. Sisi tunahitaji matangi matatu yenye kivuli, pampu ya kuvuta maji ya bahari, mizani, sehemu ya kupigia eksirei kwa kushirikiana na hospitali ya watu au ya mifugo, na mtu mmoja anayelipwa kulala pale. Tanga ina madaktari wa mifugo, kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Mikono ipo. Nimeandika barua tatu. Nitaandika ya nne.

#13 Mwananchi wa Usagara

Mganga, nimerudi. Mwanangu amepona. Kwangu kuna pampu ndogo ya maji haina kazi tangu tuunganishwe bomba. Kama inafaa nitaileta Jumamosi.

#14 Mganga wa Ng'ombe

Inafaa sana. Alhamdulillahi kwa mtoto. Njoo naye aje amwone.

#15 Mganga wa Ng'ombe

Siku ya 58. Ameondoka.

Siku ya 26 alianza kulala chini ya tangi. Asubuhi ile nilipochungulia sikumwona, moyo ukaruka, kumbe yuko chini ametulia, mapezi ameyakunja. Nikaenda kumwamsha mke wangu aje aone kasa aliyezama. Toka hapo ilikuwa ni kula. Watoto wa mtaa wanakwenda maji yakikupwa wanarudi na mafungu ya majani bahari, yeye anayachana kwa mdomo kama ng'ombe kwenye hori. Pampu ya Mwananchi ilitupunguzia kubeba madumu, tukaongeza kina mpaka kifuani kwangu. Mwanawe amekuwa akija kila Jumamosi.

Pezi limepona. Kovu limebaki kuzunguka bega kama pete, na anapoogelea bado anavutika kidogo upande wa kulia, lakini anajirekebisha. Nilikuwa nimejiandaa kulikata. Daktari kwenye simu alisema kasa wa mapezi matatu huishi, nisiogope; nashukuru hatukufika huko.

Leo tulitoka na maji yakijaa, kabla ya upepo kuamka. Kilo 17 na nusu. Afisa uvuvi alikuja akapima, akaandika. Tulimlaza kwenye ngalawa juu ya sponji lilelile, mtoto wa Mwananchi ameshika taulo. Kaka akatupeleka kwenye majani bahari upande wa Karange, akakunja tanga. Tulimshusha kwa gamba, mimi mbele, kaka nyuma. Alikaa juu ya maji kama pumzi mbili hivi. Nami roho mkononi, maana hapo ndipo yule wa utotoni aliposhindwa.

Kichwa chini, pezi la kushoto, pezi la kulia, akaenda. Maji yalikuwa meupe, tulimwona mpaka chini kwenye majani, kisha hatukumwona. Kaka akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika mia mbili na kitu, kichwa kikatokeza mbali kidogo, kikatoa ile pumzi yao nzito, "pfuu", kikazama tena.

Mtoto akauliza kama atarudi. Kaka akamwambia tusubiri kidogo. Tukasubiri mpaka upepo wa matlai ukaanza, tukarudi.

#16 Bibi wa Ushongo

Nimelia, mwanangu.

#17 Nahodha wa Kusi

Hongereni. Huku Moa tumeweka mapipa mawili ya mapande. Nani anajua pa kuyapeleka yakijaa? Tusije tukayachoma.

#18 Mganga wa Ng'ombe

Usichome, moshi wake ni sumu. Yaweke mahali pakavu, kuna mafundi wanaosuka nyavu za magoli ya mpira na watu wa bustani wanaozungushia kuku. Nitafuatilia nikujulishe.

Tangi nimelisugua, nimeligeuza likauke.

#19 Kijana wa Sahare

Kaka samahani kwa usiku huu. Tuko diko la Deep Sea. Ng'amba mdogo, mzima, mshipi unamtoka mdomoni, ndoana haionekani. Nimemweka kivulini na taulo, na afisa uvuvi nimeshampigia, amesema tukuulize. Wenzangu wanataka kuvuta.

#20 Mganga wa Ng'ombe

Wasivute. Kata, bakiza kiganja. Nawasha pikipiki.